Vidonge vya flavonoidi na vitamini vinamfaa nani?

Shangazi yangu wa Magomeni alinikabidhi kopo la plastiki lenye vidonge sitini akaniomba nimsomee maandishi yake, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika na aliyemuuzia aliondoka bila kumweleza zaidi ya kwamba hicho ni chakula, wala si dawa, na hakina madhara. Ubavuni mwa kopo paliandikwa kwamba kila kidonge kina flavonoidi za machungwa na za chai ya kijani, vitamini C miligramu 1,000, vitamini A yuniti 5,000, pamoja na vitamini D, E na za kundi la B. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, paliandikwa kwamba mchanganyiko huo huimarisha kinga, hulinda moyo, husafisha ini na huzuia saratani. Shangazi ana kisukari na presha. Binti yake, ambaye ana mimba ya wiki kumi, alikuwa naye ameanza kumeza vidonge hivyo hivyo, kimoja asubuhi na kimoja jioni, akiamini kwamba kinachomfaa mama mtu mzima hakiwezi kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Nimeandika makala haya kwa sababu kopo lile liliweka pamoja mambo ambayo katika sayansi yako mbalimbali kabisa. Baadhi yake ni kweli na yamethibitishwa, mengine katika jiji hili hili la Dar es Salaam. Baadhi yalionekana kuwa kweli ndani ya chupa za maabara, lakini yalipopelekwa kwenye mwili wa binadamu hayakusimama. Na baadhi yanaweza kumdhuru mmoja wa wanawake wale wawili bila kumgusa mwingine. Kwa hiyo swali la kama vidonge hivi vina faida haliwezi kujibiwa kwa neno moja, mpaka kwanza tuseme ni kidonge chenye nini, kwa kiasi gani, na anayekimeza anapungukiwa nini.

Vitamini hutambulika kwa pengo lake

Tuanze na tofauti ambayo lebo za makopo karibu zote huificha. Vitamini ni kumi na tatu tu, na kila moja iliingizwa katika orodha hiyo kwa sababu mwili hauwezi kuitengeneza, au hauitengenezi ya kutosha, na ikikosekana kwa muda mrefu mtu huugua ugonjwa unaojulikana kwa jina. Asiyepata vitamini C hupata kiseyeye, asiyepata D akiwa mtoto hupata matege, na asiyepata A huanza kwa kushindwa kuona gizani kabla macho hayajaharibika kabisa. Mwaka 1747 daktari wa meli za Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia kumi na wawili wenye kiseyeye katika jozi sita, akaipa kila jozi tiba yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu ndani ya siku chache, hali wenzao waliopewa siki, maji ya bahari na vitu vingine wakiendelea kuumwa. Lind hakujua kuna kitu kinaitwa vitamini. Alichokiona ni pengo na kitu kilicholiziba.

Flavonoidi ni jambo jingine. Hizi ni kemikali ambazo mimea hujitengenezea kwa faida yake yenyewe: kujikinga na jua kali, kuwafukuza wadudu waharibifu, kuwavuta wachavushaji kwa rangi. Zinazojulikana zinazidi 6,000. Wekundu wa rozela na weusi wa zambarau hutokana na antosianini. Uchungu wa chai na wa kakao, kwa sehemu kubwa, hutokana na katekini na jamaa zake. Kitunguu chekundu kina kwesetini, hasa katika tabaka za nje ambazo wengi wetu huzimenya na kuzitupa. Maganda meupe ya ndani ya chungwa yana hesperidini. Hakuna mtu aliyewahi kulazwa Muhimbili wala kwingineko kwa ugonjwa wa kupungukiwa flavonoidi, kwa sababu ugonjwa huo haupo.

Haikukosekana juhudi ya kuzihesabu flavonoidi kuwa vitamini. Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, ambaye alipata tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusu vitamini C, aliripoti mwaka 1936 pamoja na wenzake kwamba wagonjwa fulani waliovuja damu kwenye mishipa midogo walipata nafuu kwa dondoo chafu la limau na pilipili hoho, lakini si kwa vitamini C iliyosafishwa. Waliamini ndani ya uchafu ule mna kitu kingine, wakakiita vitamini P. Kitu chenyewe kilikuwa flavonoidi. Majaribio yaliyofuata hayakuweza kuthibitisha kwamba mwili hauwezi kuishi bila kitu hicho, na katika miaka ya 1950 wataalamu wakaliacha jina lile. Ninaikumbuka habari hii kila ninapoona flavonoidi na vitamini zikiwekwa mstari mmoja kwenye lebo, kana kwamba ni watoto wa mama mmoja.

Kutoka chupa ya maabara hadi damu

Sifa kubwa ya flavonoidi ilianza kuvuma mwaka 1993, watafiti wa Uholanzi walipochapisha habari za wazee wa kiume 805 wa mji wa Zutphen. Wale waliokunywa chai na kula vitunguu na matofaa kwa wingi, na hivyo kupata flavonoidi nyingi, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko waliopata kidogo. Matokeo ya namna hiyo yamejirudia katika nchi nyingine, nami siyapuuzi hata kidogo. Lakini utafiti wa kuangalia watu wanakula nini, bila kuwagawa kwa kura, hauwezi kututenganishia tunda na maisha ya anayelila. Hapa Dar es Salaam mtu anayekula matunda kila siku mara nyingi ana kipato cha uhakika, ana nafasi ya kwenda kupima presha, na pengine havuti sigara. Akiishi miaka mingi, ni kipi kati ya hivyo vyote kinachostahili shukrani?

Hapo ndipo neno antioksidanti lilipoingia. Mwili unapotumia oksijeni huzalisha chembe zinazoitwa radikali huru, ambazo zinaweza kuharibu kuta za seli na vinasaba. Flavonoidi ikiwekwa pamoja nazo ndani ya chupa huzizima upesi sana. Watengenezaji wa vidonge wakachukua vipimo vya chupa hiyo na kuvichapa kwenye makopo kama alama za mtihani. Tatizo ni safari. Flavonoidi tunayokula mara nyingi huwa imefungamana na sukari, na sehemu kubwa haipenyi kwenye utumbo mwembamba. Huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huivunja na kuigeuza kuwa vitu vingine. Kile kidogo kinachopenya hukamatwa na ini, kikabadilishwa na kutolewa kwa mkojo ndani ya saa chache. Kiasi kinachobaki kwenye damu ni kidogo mno kikilinganishwa na vitamini C na asidi ya yuriki ambazo damu yetu inazo tayari, na kwa hiyo hakiwezi kufanya kazi ile iliyoonekana kwenye chupa. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa kabisa jedwali lake la alama za antioksidanti za vyakula, kwa maelezo kwamba alama hizo hazionyeshi athari kwa mwili wa binadamu na zilikuwa zikitumiwa vibaya na wauzaji.

Je, basi flavonoidi hazifanyi kitu? Zinafanya, ila kwa njia tofauti na ile inayotangazwa, na kwa kiasi cha unyenyekevu. Ushahidi wenye nguvu zaidi unahusu kuta za mishipa ya damu: flavonoidi za kakao huusaidia mshipa kutoa naitriki oksidi, gesi inayoufanya ulegee na damu ipite kwa urahisi. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliukubali ushahidi huo mwaka 2012 kwa kiwango cha miligramu 200 kwa siku. Kisha likaja jaribio kubwa la COSMOS huko Marekani, lililohusisha watu wazima 21,442 waliogawanywa kwa kura, baadhi wakimeza miligramu 500 za flavonoidi za kakao kila siku na wengine vidonge visivyo na kitu. Matokeo yake yalitoka mwaka 2022. Idadi ya jumla ya matukio ya moyo na kiharusi ilipungua kidogo, kwa kiwango ambacho kingeweza kuwa bahati tu. Vifo vitokanavyo na moyo vilipungua kwa asilimia 27, ila hilo halikuwa swali kuu la utafiti, na kwa hiyo linasubiri kuthibitishwa. Haya yanatia moyo, lakini hayafiki pale penye ahadi ya kopo. Na chokoleti ya dukani, yenye sukari na mafuta mengi, haina uhusiano wowote na kidonge kile cha jaribio.

Rozela ni mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2010 lilichapishwa jaribio dogo la Marekani la watu 65 wenye presha iliyoanza kupanda. Waliokunywa vikombe vitatu vya chai ya rozela kwa siku, kwa wiki sita, presha yao ya juu ilishuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki, wakati waliokunywa kinywaji cha kuigiza walishuka kwa 1.3. Ni tofauti ya maana, ingawa haimruhusu mtu kuacha dawa aliyopewa. Walichokunywa ni chai ya rozela. Rozela tunayouziwa kwenye chupa za maji pale Kariakoo au kituo cha daladala huwa na sukari kiasi kwamba mgonjwa wa kisukari kama shangazi angeipata hasara kabla ya kuiona faida.

Kuna pia flavonoidi ambayo imekwisha kuvuka na kuwa dawa. Diosmini, ikichanganywa na hesperidini, hutolewa kwa wenye bawasiri na wenye mishipa iliyovimba miguuni, na majaribio yameonyesha kwamba hupunguza kuvuja damu na maumivu. Ilifika hapo kwa kupimwa dhidi ya ugonjwa mmoja, kwa dozi moja inayojulikana, jambo ambalo mchanganyiko wa kopo la shangazi haujawahi kufanyiwa.

Kuhusu chai ya kijani lazima niseme kwa mkazo, kwa kuwa kopo lile lilidai kusafisha ini. Kikombe cha chai hakina neno. Dondoo lake lililokolezwa kwenye kidonge ndilo lenye shaka: mwaka 2018 ile mamlaka ya Ulaya ilieleza kwamba kumeza miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini yake kuu kunahusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vinavyoashiria kuumia kwa ini. Lebo ya shangazi haikusema kidonge kina miligramu ngapi.

Jiji lililopima vitamini

Jambo ambalo wakazi wengi wa Dar es Salaam hawalijui ni kwamba baadhi ya ushahidi mzito zaidi duniani kuhusu vidonge vya vitamini umetoka kwenye kliniki zao wenyewe. Mwaka 1995, kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana nchini, watafiti wa Muhimbili kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard, wakiwamo Gernard Msamanga na Wafaie Fawzi, walianza kuwaandikisha wajawazito 1,078 wanaoishi na VVU. Waliwagawa kwa kura: wengine walipata mchanganyiko wa vitamini B, C na E, wengine vitamini A pamoja na beta-karotini (ile karotini ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A), wengine vyote, na wengine kidonge kisicho na vitamini hizo. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1998. Kwa waliopata mchanganyiko wa B, C na E, mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa wafu vilipungua kwa asilimia 39, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo walipungua kwa asilimia 44. Mwaka 2004 ikaripotiwa kwamba wanawake hao pia walichelewa kuingia katika hatua ya mwisho ya ugonjwa.

Lakini vitamini A, ile ile ambayo matone yake huokoa uhai wa watoto wetu, ilifanya kinyume. Waliopewa vitamini A na beta-karotini waliwaambukiza watoto wao virusi kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 38. Nani angelitabiri hilo kwa kusoma lebo? Lilijulikana kwa sababu tu akina mama wa jiji hili walikubali kugawanywa kwa kura na kufuatiliwa kwa miaka, na ninaona tunawadai shukrani ambayo haijalipwa.

Baadaye wajawazito 8,468 wasio na VVU, wa jiji hili hili, walishiriki jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2007. Vitamini ziliendelea kusaidia, ila kwa upole: waliojifungua watoto wenye uzito mdogo walikuwa asilimia 7.8 badala ya 9.4, wala idadi ya watoto njiti na ya vifo tumboni haikubadilika kwa uhakika. Kisha, dawa za kufubaza virusi zilipokuwa zimesambaa, watafiti waliwagawa wagonjwa 3,418 walioanza dawa hizo: nusu walipata vitamini za kiwango cha kawaida cha siku, nusu wakapata dozi iliyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Mwaka 2009 jaribio hilo lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa waliokuwa kwenye dozi kubwa walionyesha dalili nyingi zaidi za kuumia kwa ini, na hawakupata nafuu yoyote iliyozidi ya wenzao.

Mpangilio wa majaribio hayo ni somo lenyewe. Pengo lilipokuwa kubwa, vitamini zilifanya kazi kubwa. Pengo lilipopungua, kazi ikapungua. Na ilipozidishwa dozi mahali ambapo pengo limekwisha kuzibwa, ziada ikageuka mzigo. Kwingine duniani imekuwa hivyo hivyo. Huko Finlandi, wanaume wavutaji sigara 29,133 waligawanywa ili kuona kama beta-karotini na vitamini E zingewakinga na saratani ya mapafu. Mwaka 1994 ikaonekana kwamba waliomeza beta-karotini waliugua saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18. Wamarekani walioendesha jaribio linalofanana nalo walilazimika kulisimamisha mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Na vitamini E ya dozi kubwa, iliyojaribiwa kwa matumaini ya kuzuia saratani ya tezi dume, iliiongeza kwa asilimia 17, kama ilivyoripotiwa mwaka 2011. Anayevuta sigara na kumeza beta-karotini ya kopo ili kujilinda anafanya jambo ambalo limepimwa na kuonekana kuwa hatari.

Vitamini C haina hatari kubwa kiasi hicho, lakini miligramu 1,000 ni idadi ya kuvutia macho tu. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 75 hadi 90 kwa siku, na ukikaribia miligramu 200 damu huwa karibu imejaa. Kinachozidi hupita kwenye figo na kutoka kwa mkojo, na kwa baadhi ya watu huchangia mawe ya figo. Kuhusu mafua, majaribio mengi yakijumlishwa pamoja yanaonyesha kwamba wanaoimeza kila siku hawapungukiwi na idadi ya mafua, ila kila ugonjwa ukija hufupishwa kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima. Pera, ambalo huuzwa kwenye matoroli kila kona ya Buguruni na Mabibo, lina zaidi ya miligramu 200 kwa kila gramu 100, mara nne ya chungwa.

Vitamini D nayo tuna habari zake za nyumbani. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya vitamini D katika damu ya Wamaasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi zao, wakakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, wakati 50 huhesabiwa kuwa inatosha kwa walio wengi. Jua lao ni jua letu. Anayefaa kujiuliza ni mzee asiyetoka ndani, au anayeingia ofisini alfajiri na kutoka usiku, au anayejifunika mwili mzima kila atokapo. Wengine wote wanaishi chini ya kiwanda cha vitamini D kisichotoza chochote.

Wakati kidonge ni lazima

Baada ya kusema hayo yote, ningesikitika kama msomaji angeondoka akidhani kwamba kila kidonge ni hila. Matone ya vitamini A ambayo watoto wa miezi sita hadi miaka mitano hupewa mara mbili kwa mwaka kwenye kliniki na vituo vya mtaa yanastahili kupangiwa foleni. Foliki asidi, moja ya vitamini za kundi la B, ni muhimu zaidi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1991, uliowahusu wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo, ulionyesha kwamba foliki asidi ilizuia kasoro hiyo kurudi kwa asilimia 72. Watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa wanaofikishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili kutoka kila pembe ya nchi wanatukumbusha gharama ya pengo hilo, na uti huo hujifunga ndani ya wiki nne za kwanza, kabla wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana anayepanga kushika mimba anapaswa kuanza mapema kwa mikrogramu 400 za kila siku, na ndiyo maana kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wazalishaji wakubwa wa unga kuuongezea foliki asidi na madini ya chuma. Unga tunaosagisha wenyewe kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Hata hapa dozi ina neno lake. Vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5, vinavyopatikana kwenye maduka mengi ya dawa, vinaweza kudhoofisha SP, ile dawa ambayo wajawazito humezeshwa kliniki kujikinga na malaria kuanzia miezi mitatu ya kati. Vile vidogo vinavyotolewa kliniki pamoja na madini ya chuma havina tatizo hilo. Na madini ya chuma yenyewe si ya kumpa kila mtoto kiholela: kisiwani Pemba, jaribio lililochapishwa mwaka 2006 liliona kwamba watoto waliopewa chuma na foliki asidi kila siku, katika mazingira ya malaria nyingi, waliugua sana au kufa zaidi kwa asilimia 12.

Sasa niwarudie wanawake wangu wawili. Kwa yule mjamzito, vidonge viwili kwa siku vilimfikisha yuniti 10,000 za vitamini A ya aina ya retinoli, yaani ile iliyo tayari kutumika mwilini, ambacho ndicho kikomo kisichopaswa kuvukwa, hasa katika miezi mitatu ya kwanza viungo vya mtoto vinapoumbwa. Hiyo ni kabla hatujahesabu maini aliyokuwa akila kwa kuambiwa kwamba yanaongeza damu. Karotini ya mchicha na ya maembe haina hatari hiyo, kwa kuwa mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji, na hupenya vizuri zaidi mchicha ukipikwa kwa tui la nazi au mafuta kidogo. Kwa shangazi, jambo la kuangalia lilikuwa jingine kabisa. Anameza metformini, dawa ya kisukari, kwa mwaka wa tisa sasa, na dawa hiyo nzuri ina tabia ya kupunguza vitamini B12 polepole, mpaka ganzi ya miguu ikachukuliwa kuwa ni ya kisukari pekee. Kati ya vitamini zote zilizoandikwa kwenye kopo lile, hiyo moja ndiyo aliyokuwa na sababu ya kuiulizia, na jibu lake linapatikana kwa kipimo cha damu.

Tulimwuliza pia mfamasia kuhusu dawa zake za presha, naye akamtahadharisha juu ya balungi. Mwaka 1991 David Bailey na wenzake huko Kanada waliripoti jambo walilolikuta bila kulitafuta: juisi ya balungi, waliyoitumia kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya presha, ilipandisha kiwango cha dawa hiyo kwenye damu kupita kiasi. Wa kwanza kushukiwa alikuwa flavonoidi ya tunda hilo, naringini, ingawa baadaye kosa kubwa lilikutwa kwa kemikali nyingine ziitwazo furanokumarini, ambazo huzima kimeng'enya kinachoivunja dawa kwenye ukuta wa utumbo. Nifedipini na baadhi ya dawa za kushusha lehemu ni miongoni mwa zinazoguswa.

Kuhusu usalama wa vinavyouzwa, msomaji ajue kwamba tangu mwaka 2019 usimamizi wa vyakula ulihamia TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ikabaki na dawa, vifaa tiba na vitendanishi. Bidhaa inayouzwa kama chakula haijapitia mtihani wa kuthibitisha kwamba inatibu, na muuzaji anayedai inatibu saratani anadai kitu ambacho bidhaa yake haikupimwa kwacho.

Binti wa shangazi aliacha kopo siku ile ile na kurudia vidonge vya chuma na foliki asidi alivyopewa kliniki, ambavyo alikuwa ameviweka kabatini kwa kuona ni vya bure na havina picha ya machungwa. Ikabaki chai. Alikuwa akimeza vidonge vile kwa chai ya rangi, na polifenoli za chai, ukoo mpana ambamo flavonoidi zimo, ndizo zile zile zinazosifiwa kwenye makopo, hushikamana na chuma tumboni na kukizuia kisipenye, wakati vitamini C hukifungulia njia. Sasa anavimeza usiku kwa maji pamoja na chungwa au kipande cha pera, na chai yake ameihamishia saa kumi alasiri, chakula cha mchana kikiwa kimekwisha kushuka. Shangazi alipima B12 wiki iliyofuata. Ilikuwa chini, na daktari wake amemwanzishia sindano.